Jumanne nasema niko Same, kumbe niko soko la samaki

Shangazi,

Habari za kazi. Nina miaka 62, na huenda wewe ni mdogo kwangu kwa mbali, lakini kwenye safu hii kila mtu anakuita Shangazi, nami nitakuita hivyohivyo. Nilifundisha jiografia sekondari kwa miaka 34, nikastaafu mwaka juzi. Naishi mji wa bandari ambao nakuomba usiutaje hata ukiujua, maana ni mdogo, na wanaokusoma ni walewale ninaopishana nao sokoni.

Nimo kwenye klabu ya kujitolea kwa jamii, huu ni mwaka wa 12. Tunakutana kila Jumanne saa 12:30 jioni, kwenye hoteli iliyo karibu na bahari. Labda unazijua klabu hizi zilivyo. Kuna kengele mezani, rais anaigonga kwa nyundo ya mbao, tunaimba wimbo wa taifa. Anakuja mgeni kuzungumza dakika 20: daktari wa meno, ofisa misitu, siku moja alikuja mfuga nyuki na mzinga wake, na ulikuwa na nyuki. Tunakula. Halafu anasimama sajini kutoza faini. Hizo si faini za adhabu, ni za kuchekesha. Umechelewa, toa. Simu imelia, toa. Binti yako kajifungua, toa faini ya furaha. Timu yako imefungwa, toa. Imeshinda, toa vilevile. Fedha zinaingia kwenye kopo la biskuti la bati, na mwisho wa mwaka kopo hilo linanunua madaftari na miwani.

Nilikuwa sajini kwa miaka minne. Kopo lile nililileta mimi kutoka nyumbani, kifuniko nikakitoboa mwenyewe kwa bisibisi na jiwe. Mpaka leo mdomo wake umepinda upande mmoja, ukitia noti bila kuangalia unakwaruzwa kidole. Nilikuwa sajini mkali. Nilimtoza faini askofu aliyekuja kama mgeni, kwa kusali dakika saba.

Mke wangu alikuwa akisema, ukisahau leo ni siku gani, muangalie Mwalimu shati. Jumanne napiga pasi mwenyewe. Watu pale si wa kazi yangu: wakala wa forodha, mzee wa Kihindi mwenye duka la vipuri, sista wa hospitali ya misheni, mama mwenye duka la dawa ambaye ndiye mweka hazina, na kijana wa benki niliyemfundisha kidato cha pili, ambaye hadi leo hajui tofauti ya hali ya hewa na tabianchi. Tumechimba visima viwili. Tumejenga vyoo kwenye shule ya msingi nje ya mji. Kila mwaka tunaandaa kambi ya macho. Kuna bibi mmoja alifunguliwa bandeji baada ya kutolewa mtoto wa jicho, akaniangalia kwa muda, akasema, "Kumbe wewe ni mzee hivi! Sauti yako ni ya kijana."

Lakini nikwambie kweli, Shangazi, kilichokuwa kinanitoa nyumbani si visima. Ni ile nusu saa baada ya kengele ya mwisho, tunaposimama kwenye maegesho chini ya mkungu na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuwasha gari.

Sasa mshahara umekatika. Chakula cha pale ni Sh 25,000 kwa kila kichwa, ule usile, kwa sababu hoteli inatupa ukumbi bure kwa makubaliano kwamba tutakula. Faini haipungui 5,000. Usiku sina daladala, bajaji 4,000. Ada inalipwa mara mbili kwa mwaka, na sehemu yake inapigwa hesabu kwa dola. Kiinua mgongo nilimalizia nyumba, kilichobaki nikamlipia kitinda mimba chuo. Pensheni ya mwezi, mambo ya kikokotoo, ile hesabu ya mafao, sitaki kuyaanza hapa, lakini Jumanne nne zinakula karibu theluthi yake. Mwezi wenye Jumanne tano nauogopa kuliko Januari.

Sikumwambia mtu, na ulionisaidia kuficha ni utani. Mimi ni Mpare. Unajua tunavyotaniwa nchi hii kwa ubahili. Nikisema leo natosheka na maji, meza nzima inalipuka: "Mpare huyo! Shilingi inamuuma!" Wanacheka, nami nacheka kuwashinda wote.

Mwezi wa pili sajini mpya alinitoza faini kwa kuvaa viatu vipya. Havikuwa vipya, nilikuwa nimevipaka rangi. Mfukoni nilikuwa na nauli tu. Nikaingiza mkono mfuko wa shati, nikatoa risiti ya umeme niliyonunua asubuhi kwa wakala, nikaikunja mara nne kama mtu anavyokunja noti, nikaitia koponi. Watu wakapiga makofi. Mimi, niliyelitoboa kopo lile.

Tangu siku hiyo sijarudi. Kila Jumanne naandika kwenye grupu la WhatsApp kwamba nimepanda Same kushughulikia shamba la tangawizi la marehemu baba. Shamba lipo kweli, kule Mamba Miamba, ila analilima mdogo wangu. Jumanne ya sita mke wangu akanituma soko la samaki, maana jioni bei inashuka. Nimesimama na fungu la vibua kwenye mfuko, nasikia nyuma yangu: "Mwalimu! Siku hizi Same kuna bahari?" Ni mweka hazina, anaelekea mkutanoni. Akacheka, akanishika bega, akaenda zake. Usiku ule sikulala. Nilisubiri kejeli kwenye grupu. Kimya. Wiki iliyofuata sajini akaandika, "Mwalimu, turudie salama kutoka milimani." Hajui kitu.

Wiki iliyopita kanipigia rais. Aliyekuwa amepangwa kushika uongozi Julai mosi amehamishiwa Dodoma kikazi, na kamati inataka nishike mimi. Nasikia aliyetaja jina langu ni huyohuyo mweka hazina. Wanasubiri jibu kabla ya mwezi kuisha. Rais wetu kwa desturi hununua keki za siku za kuzaliwa, hukaribisha wageni kwa mfuko wake, husafiri kwenda mkutano mkuu wa mwaka. Sina fedha hizo.

Nimeandika barua ya kujiuzulu. Sababu nimeweka afya, presha. Mke wangu kaisoma, akairudisha mezani akasema, "Presha ni yangu. Wewe tafuta ugonjwa wako."

Nijiuzulu kwa sababu ipi? Au nikope, nikae kwenye kiti hicho mwaka mmoja, mambo yaishe kwa heshima?

Mwalimu mstaafu


JIBU

Mwalimu, shikamoo.

Umeniita shangazi nami nakuamkia, ndiyo raha ya safu hii. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilishika penseli, kwa sababu umeandika kitu kwa mkono wako mwenyewe na hukukiona. Nitakifikia.

Nianze na hiyo nusu saa chini ya mkungu, maana umeitaja kwa sauti ya mtu anayeungama. Klabu yako hukuitaja na sitaki kuijua. Zipo za Rotary, zipo za Lions, zipo za watu wa mtaa tu walioazima kengele. Hizo mbili kubwa zote zilianzia Chicago, Rotary mwaka 1905 na Lions mwaka 1917, na ile ya kwanza haikuanza kwa kisima wala miwani. Ilianza kwa upweke. Paul Harris alikuwa wakili aliyelelewa na babu na bibi yake kwenye mji mdogo wa Vermont, mahali ambapo kila mtu anajua mbwa wa kila mtu. Akaenda kutafuta maisha Chicago. Kazi akapata, wateja akapata, ila mtu wa kumgongea mlango bila shida yoyote ya kisheria hakuwa naye. Tarehe 23 Februari 1905 akakaa na wenzake watatu: muuza makaa ya mawe, mfanyabiashara mshona suti, na mhandisi wa migodi ambaye ofisi ilikuwa yake, chumba namba 711. Mkutano uliofuata ukawa kwa mwingine, na uliofuata kwa mwingine tena. Jina Rotary limetokana na huko kuzunguka.

Hapakuwa na hoteli, Mwalimu. Hapakuwa na sahani ya 25,000. Walikuwa wanakutana kwenye ofisi zao, baina ya mafaili na magunia. Mpiga chapa mmoja aliyejiunga mapema, Harry Ruggles, akawazoesha kuimba. Hamu ya kuufanyia mji kitu ilikuja wakiwa wameshazoeana, na jambo la kwanza kubwa walilolishikia bango lilikuwa vyoo vya umma mjini. Kwa hiyo ninyi na vyoo vyenu vya shule ya msingi mko kwenye ukoo.

Kama mwanzilishi mwenyewe alitolewa nyumbani na kiu ileile, usiungame kwangu kwamba unapenda maegesho kuliko visima. Visima vile vilichimbwa na watu waliosimama maegeshoni.

Tuje kwenye mfuko.

Nikupe kisa changu, na mimi si mzuri ndani yake. Kwenye kikoba chetu tulikuwa na mama mmoja fundi cherehani. Tulikutana kila Jumamosi saa kumi. Akaanza kuchelewa. Tukamtoza 2,000, kama katiba inavyosema. Akachelewa tena, tukamtoza tena. Tuliposhona sare kwa ajili ya harusi ya mtoto wa mwenyekiti, hakuja kuchukua kitambaa, na tukasema anaringa, siku hizi ana wateja wakubwa. Mimi nililisema hilo kwa mdomo huu. Miezi minne baadaye nilipita kwake kuomba anipunguzie gauni, nikakuta pale ilipokuwa cherehani kuna ndoo ya maji imefunikwa kanga. Cherehani ilikuwa imeuzwa tangu mwezi ule alioanza kuchelewa. Alikuwa anachelewa kwa sababu Jumamosi anafulia watu nguo. Zile 2,000 zetu zilitoka kwenye kufua.

Ninachotaka ukione hapo ni sisi wengine, kina mama kumi na sita tulioketi kwenye mkeka tukitoza faini. Hatukuwa wabaya. Hatukujua, na yeye alihakikisha hatujui, na katikati ya hayo mawili tukampoteza mwenzetu. Alihamia kwa dada yake Singida. Ningempa nini ili anichelewee Jumamosi moja tena.

Wewe nawe umehakikisha hawajui, na umetumia utani. Mimi ni Mchaga, Mwalimu, nina haki zote za kukutania juu ya shilingi yako, na leo nimeiweka haki hiyo chini. Utani wetu ni mtamu kwa sababu pande zote zinajua kwamba si kweli. Meza nzima inapocheka "Mpare huyo", wanacheka kwa kuamini kwamba pesa unazo na unazionea uchungu. Siku pesa zilipoisha kweli, mzaha uliendelea kuimbwa vilevile, ila mmoja kati yenu alikuwa hachezi tena. Hawana namna ya kuligundua hilo. Wewe ulikuwa sajini, uliwafundisha wewe kucheka.

Haya, nimefika kwenye penseli.

Umeandika kwamba ulichotia koponi ni risiti ya umeme. Umeandika pia kwamba nyumba umeimalizia kwa kiinua mgongo chako. Risiti ya wakala, Mwalimu, huwa na namba ya mita, na huwa na jina la mwenye mita. Nenda kaangalie nyingine hapo nyumbani kabla hujaendelea kusoma.

Na kopo hilo hufunguliwa na nani? Na mweka hazina. Yule mama wa duka la dawa. Usiku uleule au kesho yake asubuhi alimwaga noti mezani, akakunjua ile yako mikunjo minne, akasoma jina. Wiki sita baadaye anakukuta soko la samaki, saa ya mkutano, na fungu la vibua, siku uliyoaga kwamba uko milimani. Anacheka, anakushika bega, anaenda mkutanoni, na hasemi. Kwenye klabu ambayo mtu anatozwa faini kwa kupaka viatu rangi, mtu aliyebeba kichekesho kikubwa kama hicho amekaa nacho mdomoni akakimeza. Halafu kiti cha rais kinapobaki wazi, jina analotaja ni lako.

Siwezi kuapa juu ya yaliyo moyoni mwa mtu nisiyemjua. Huenda aliitupa ile karatasi bila kuisoma. Lakini mwenye duka la dawa, mtu anayeishi kwa kusoma maandishi madogo kwenye vikaratasi? Mimi naona mwenzio anajua nusu ya habari, na amekuwa akikuachia mlango wazi tangu Februari. Swali lile la bahari ya Same lilikuwa mlango. Ukabaki nje na samaki wako.

Kwa hiyo mtu wa kwanza kumwambia ni yeye. Usimwambie rais kwa simu, na tafadhali usisimame Jumanne mbele ya watu ishirini na kengele ukatoa ushuhuda. Nenda dukani kwake mchana, saa nane hivi, wateja wakiwa wamepungua. Usianze na mzaha, kwa sababu ukianza na mzaha atacheka kwa heshima yako na mtamaliza mkiwa palepale. Mwambie kwa maneno mafupi: "Ile risiti ilikuwa yangu. Same sikwenda. Pensheni hainitoshi kuja kila Jumanne, na niliona aibu kusema." Ukishafika hapo, nyamaza. Najua walimu kunyamaza ni kazi. Jitahidi.

Baada ya hapo mwonyeshe hesabu, kama ulivyonionyesha mimi. Sahani 25,000, faini 5,000, bajaji 4,000. Hiyo ni 34,000 kwa jioni moja, 136,000 kwa Jumanne nne, 170,000 kwa mwezi ule unaouogopa, na ada sijaigusa. Iandike kwenye karatasi na umwachie. Watu wengi wenye mshahara hawajawahi kuijumlisha Jumanne yao. Wanailipa vipandevipande na haiwaumi. Nami nina hakika karatasi hiyo si ya kwako peke yako. Hebu kumbuka wangapi wameondoka kwenye klabu ndani ya miaka hii 12 kwa "majukumu kuongezeka". Sista wa misheni analipiwa na nani sahani yake? Wewe mwenyewe umewahi kuuliza?

Kisha mapendekezo, maana hutakwenda pale kuomba sadaka. Klabu inaweza kupunguza hoteli. Hata Rotary, ambako zamani ukikosa mikutano minne mfululizo bila udhuru uanachama wako ulikuwa mashakani, ililegeza kamba mwaka 2016: klabu zikaruhusiwa kujipangia, mradi zikutane angalau mara mbili kwa mwezi. Klabu yenu, iwe ya huko au ya kwenu tu, ina nafasi ya kukaa chini ikasema Jumanne mbili hotelini, moja kwenye eneo la mradi, moja barazani kwa mwanachama. Mimi siungi mkono wale wanaotaka kuifuta hiyo mikutano mingine kabisa ili kuokoa pesa. Watu wanaokutana mara mbili kwa mwezi wanakumbushana ajenda. Watu wanaokutana kila wiki ndio wanaoulizana, "Mbona leo umekonda?" Punguzeni sahani, Jumanne ziacheni.

Na baraza la kwanza liwe lako. Una nyumba, una mke mwenye ulimi ninaoupenda, una mdogo wako Mamba Miamba anayelima tangawizi. Chai ya tangawizi, mihogo ya kukaanga na pilipili, viti vya kuazima kwa jirani. Itakugharimu pungufu ya sahani moja na nusu ya hoteli, na watu wote watakula. Kengele njooni nayo, hainywi chai.

Jambo moja la kujihadhari. Ukishasema, kijana wa benki atataka kukulipia. Atakuvuta pembeni, atakwambia, "Mwalimu, niachie mimi, hakuna atakayejua." Mara moja kubali, mwanafunzi kumlisha mwalimu wake ni baraka na kumnyima ni kiburi. Ila usiufanye kuwa utaratibu wa kimyakimya, kwa sababu utakuwa umetoka kuficha kitu na kuingia kuficha kingine, na safari hii mtakuwa wawili.

Kiti cha urais. Kukopa, hapana. Mtu akikopa ili awe rais wa klabu ya kusaidia jamii, mwaka unaofuata familia yake ndiyo inakuwa mradi. Kukataa kwa presha ya mkeo nako hapana. Mwaka 1932, wakati wa ule mdororo mkubwa wa uchumi, mfanyabiashara mmoja wa Chicago, Herbert Taylor, alikabidhiwa kampuni ya sufuria za alumini iliyokuwa imebakiza hatua chache ifilisike. Alichoanza nacho ni kuandika maswali manne ya kupimia kila wanalosema na kulifanya, na mwaka 1943 Rotary wakayachukua yawe yao. La pili ni kama jambo ni haki kwa wote, la tatu kama litajenga nia njema na urafiki, la nne kama litawafaa wote. Lakini la kwanza ni fupi: je, ni kweli? Aliliweka la kwanza akiwa na madeni hadi shingoni. Barua yako ya kujiuzulu nimeipitisha hapo, imekwama kwenye swali la kwanza, na msahihishaji wa awali alikuwa wifi yangu, ameshakupa sifuri.

Mimi ningemwambia rais hivi, ana kwa ana, baada ya kutoka duka la dawa: "Nitashika, mkinikubali na pensheni yangu. Keki sinunui. Wageni watakunywa chai tunayokunywa sisi. Mkutano mkuu nitakwenda kama klabu inalipa nauli, isipolipa atakwenda mwingine." Mtu aliyemtoza askofu faini hashindwi kusema maneno hayo. Wakikubali, mtakuwa na mwaka ambao fundi, muuguzi na mwalimu wa shule ya msingi wataweza kujiunga. Wakisema desturi ni desturi na rais lazima anunue keki, waachie kiti chao, wala usinune. Baki mwanachama wa kawaida, Jumanne mbili za hoteli ukiweza, za baraza zote. Hicho kiti kitapata mtu. Ila nani atakaa chini ya mkungu kwa niaba yako?

Wapo watakaocheka, nisikufiche. Mmoja atasema, "Kumbe Same kuna vibua!" na itabaki hadithi ya klabu kwa miaka. Mwache aseme. Sajini akutoze faini ya hadithi hiyo, na safari hii iwe noti ya kweli, kwa sababu kopo unalidai... samahani, kopo linakudai wewe 5,000 tangu mwezi wa pili. Ilipe kabla ya yote. Angalia kidole kwenye ule mdomo uliopinda.

Msalimie wifi. Mwambie dawa asiruke hata siku moja, na kwamba vibua vya jioni namuonea wivu, huku kwetu vinafika vimeshachoka.

Shangazi